Tuisheni ya Kiingereza cha SAT hapa mjini: lipia maalim, kitini kiache

Nianze na bei, maana ndiyo anayoiulizia mtu kwanza. Shilingi 70,000 kwa mwezi, Jumamosi na Jumapili, kuanzia baada ya laasiri mpaka magharibi inakaribia. Kitini kinauzwa mbali, 15,000, na habari ya kitini hicho nitaieleza huko mbele kwa sababu kimenikera. Jina la kituo silitaji. Ninayo mazuri na ninayo malalamiko, na Unguja yetu hii ndogo, kesho tutakalia mkeka mmoja harusini. Mwenye haja aulizie kwa wazee wenye watoto wanaotaka vyuo vya nje, watamfikisha.

Mlipaji ni mie. Msomaji ni mtoto wa dada yangu, aliyekuja kutoka Wete baada ya kumaliza kidato cha sita na sasa anakaa kwangu Kikwajuni. Anataka kufanya SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, ili aombe nafasi na ufadhili huko. Hesabu anaziweza bila ya msaada wa mtu. Kiingereza chake cha kusoma nacho si kibaya, lakini akifika kwenye yale maswali ya kujaza pengo ndani ya sentensi, pale penye "its" na "their", anachagua kwa kubahatisha. Mie kazi yangu ni riziveshini kwenye hoteli moja ya Mji Mkongwe, nashinda najibu barua pepe za wageni kwa Kiingereza, kwa hivyo nyumbani nikaonekana ndiye wa kumsaidia. Kumwonesha jibu naweza. Akiuliza "kwa nini, mama mdogo?" namwambia ndivyo inavyosikika, na yeye hilo haliwezi kumfaa, maana sikio lake si langu.

Kituo kinamruhusu mzee akae nyuma akipenda. Wengi wanawashusha watoto na kwenda zao Darajani. Mie nilikaa, kwanza kwa kukagua pesa yangu, baadaye kwa utamu wa darasa lenyewe.

Kwa asiyeujua mtihani: SAT ya siku hizi haifanywi kwa karatasi na penseli. Nje ya Marekani imehamia kwenye kompyuta tangu Machi 2023, na Marekani wenyewe wakafuata 2024. Sehemu ya kusoma na kuandika ina maswali 54 kwa dakika 64, yamegawiwa mafungu mawili ya 27, na fungu la pili linakuja gumu au jepesi kwa kadiri ulivyofanya la kwanza. Kila swali lina kifungu chake kifupi, maneno 25 mpaka 150 hivi. Maswali ya kanuni za lugha, yaani alama za uandishi, vitenzi, viwakilishi na jamaa zao, ni 11 hadi 15. Ni kama robo tu, lakini ndiyo robo inayofundishika. Huwezi kumfundisha mtoto kwa miezi michache afahamu kila kifungu cha fasihi au cha baiolojia watakachomwekea. Kiwakilishi kinapatana na nini, hilo unaweza, na anayelijua analimaliza swali kwa nusu dakika, muda uliobaki akautumie kwenye vifungu vinavyotoa jasho.

Sasa maalim. Ni mtu wa makamo, kofia ya kiua, shati la mikono mirefu hata siku ya joto la kaskazi, na sauti ya chini inayolazimisha darasa linyamaze. Haanzi na kanuni. Anaandika sentensi ubaoni, anaacha pengo, anageuka, anauliza: "Mwenyewe nani?" Hilo ndilo swali lake la viwakilishi, na kila mtoto pale keshalikariri. Kiwakilishi ni mali, sentensi ina watu wengi, mtafute mwenyewe.

Siku moja aliandika hii:

"The dhow captains' association, which represents hundreds of sailors, elected ____ chairman on Monday."

Majibu manne: "its", "it's", "their", "they're". Nusu ya darasa na zaidi wakasema "their", na wetu alikuwa miongoni mwao, tena kwa sauti. Ukiitazama sentensi utaona kwa nini. Kabla ya kufika kwenye pengo umepita manahodha, umepita mamia, umepita mabaharia, wote wingi, na aliye karibu zaidi na pengo ndiye anayevuta sikio. Mtunga mtihani kawapanga makusudi.

Maalim hakusema mmekosea. Alikwenda ubaoni akaweka kiganja juu ya maneno yaliyo baina ya mikato miwili, yale ya "which represents hundreds of sailors". Ikabaki chama na kuchagua. Akasema, isemeni kwa Kiswahili. Wakasema: chama kimemchagua mwenyekiti wake. "Kwa nini mmesema kime-, hamkusema wame-? Si manahodha hao?" Mtoto mmoja akajibu, kwa sababu tumetaja chama. "Basi ndivyo anavyoona Mmarekani. Association ni kitu kimoja. Mwenyewe ndiye huyo." Halafu akaondoa kiganja, akawauliza kuna herufi gani mwishoni mwa "represents". Msichana wa mstari wa mbele, mwenye baibui la kijivu, akaruka: "Kuna s, maalim! Kwa hivyo ni umoja!" Jibu lilikuwa limeshaandikwa ndani ya sentensi yenyewe, kwenye herufi moja, na mie nimekaa na Kiingereza miaka mingi bila ya kuifikiria kwa njia hiyo.

Lakini msichana yule hakuishia hapo. Akasema, maalim, mbona watangazaji wa mpira wanasema "Liverpool are", "Arsenal have"? Darasa likachangamka, maana kwenye mpira kila mtu ana ushahidi. Na swali lake ni la haki. Vitabu vyetu vya skuli vimefuata Kiingereza cha Uingereza, na Waingereza wanaruhusu timu, serikali au kamati ichukuliwe kama watu wengi. Wamarekani kwa kawaida wanaichukulia kuwa kitu kimoja, na mtihani umetungwa na Wamarekani. Maalim aliwaambia wasibishane na masikio yao wakati wa kutazama mpira, ila wakikaa mbele ya kompyuta ile wajue wako ugenini. Aliyezoea ligi ya Uingereza tangu utotoni anahitaji kuambiwa hili waziwazi, na sijaliona kwenye kitini wala kwenye video alizokuwa akiziangalia mwanangu kwenye simu.

Kilichonishika khasa ni namna anavyokitumia Kiswahili. Sote tumelelewa na upatanisho. Mtoto wa miaka minne hapa Kikwajuni hasemi "kikombe limevunjika". Sarufi yetu inalazimisha kila neno lifuate lake, na kosa likitokea linagonga sikio hapo hapo. Walimu wengi wanakitupa Kiswahili nje ya mlango darasa la Kiingereza linapoanza. Huyu anakiita ndani kije kufanya kazi. Akaandika:

"Each of the carved doors in Stone Town has ____ own pattern of brass studs."

Tena wakaja na "their", kwa sababu ya milango. Akasema, kila mlango. Kila mlango una nini? Una nakshi yake. Kuna mtu ameshawahi kusema kila milango zina? Wakacheka. Basi "each" ni kila, na kila haikubali wingi, na hiyo "of the carved doors" ifunikwe kwa kiganja kama tulivyofanya juzi. Nikamwangalia mwanangu: hakuandika kanuni, aliandika "kila mlango" tu pembezoni mwa daftari. Wiki iliyofuata alikuwa hakosei tena "each", wala "every", wala "neither of", na hiyo ndiyo thamani ya 70,000.

Kwenye "everyone" pana mgogoro, na hapa kitini na dunia vimeachana. Kitini kinasema "everyone" lazima ifuatwe na "his or her", na anayeandika "their" kakosea. Kwenye mitihani ya zamani ndivyo ilivyokuwa. Lakini mwaka 2019 mwongozo wa uandishi wa APA, ule wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani ambao vyuo vingi vinaufuata, uliikubali "they" ya mtu mmoja katika toleo lake la 7, na mwaka huo huo kamusi ya Merriam-Webster ikaifanya "they" kuwa neno lake la mwaka. Maalim aliligusa jambo hili kwa haraka, akasema wasipoteze usingizi. Katika mazoezi tuliyofanya nyumbani halikutokea hata swali moja la kumtega mtu hapo. Sisi hotelini tulishalikwepa zamani: badala ya "each guest must bring", tunaandika "guests must bring their passports", wingi tangu mwanzo, na hakuna wa kulalamika.

Kuna kanuni nyengine kwenye kitini inayosema kiwakilishi hakiwezi kurejea kwenye jina lenye alama ya umilikaji. Msichana wa baibui la kijivu (nampenda mtoto huyu, kila darasa linahitaji mmoja) aliiuliza, na maalim akasimulia kisa kilichotokea kweli. Oktoba 2002, kwenye PSAT, mtihani ambao wanafunzi wa Marekani wanaufanya kabla ya SAT, palikuwa na sentensi juu ya mwandishi Toni Morrison: kipaji cha Toni Morrison kinamwezesha yeye ("her") kuandika riwaya za namna fulani. Swali lilikuwa kutafuta kosa, na jibu rasmi likawa hakuna kosa. Mwalimu mmoja wa Maryland akaandika kubisha. Alisema "her" haina mwenyewe, kwa sababu "Toni Morrison's" pale ni sifa ya kipaji, mtu mwenyewe hajatajwa. Waliandikiana kwa muda mrefu, na mwaka 2003 College Board, wenye mtihani, wakakubali kuliondoa swali lile kwenye hesabu ya alama. Fikiria, mtihani wa nchi nzima, na kiwakilishi kimoja kinawatoa watu jasho kwa miezi. Maoni ya maalim ni kwamba sentensi ile haina ubaya, kila msomaji anajua "her" ni nani, na wanafunzi wasiitumie kanuni hiyo kuondoa jibu. Nami niko upande wake. Kanuni inayomkataza mtu kusema kitu ambacho kila mtu kakifahamu, mie siioni faida yake.

Nije kwenye ulinganishi, kwa sababu hapa ndipo darasa lilipofika kileleni na ndipo penye lawama yangu kubwa pia.

Aliandika ubaoni:

"Like Siti binti Saad, Bi Kidude's voice drew listeners from far beyond Zanzibar."

Akauliza kosa liko wapi. Kimya. Kisha minong'ono, lakini si ya sarufi. Wazee tuliokuwa nyuma tulikuwa tumeshaanza mjadala wetu kama kweli sauti ya Bi Kidude ni ya kulinganishwa na ya Siti. Siti mzaliwa wa Fumba, aliyekwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, akafariki 1950. Bi Kidude aliyeziimba nyimbo za Siti mpaka uzeeni, akatuacha Aprili 2013. Baba mmoja akasema hakuna wa kulinganishwa na Siti. Maalim akageuka akatwambia, "Wazee wangu, mnalolifanya ninyi ndilo ninalolitaka. Mnalinganisha nini na nini?" Mtu na mtu, au sauti na sauti. Sentensi ile ubaoni imemlinganisha Siti, mtu mzima mwenye kanga zake, na sauti. Imemchukua binadamu upande mmoja na upande wa pili ikaweka kitu kinachotoka kooni.

Wetu akabisha. "Lakini maalim, tumefahamu." Akajibiwa, "Umefahamu kwa sababu unawajua wote wawili. Mtu wa Ohio hajawahi kumsikia hata mmoja. Yeye ana sentensi tu." Nikaona kijana ametulia. Hoja hiyo ilimwingia kuliko kanuni yoyote.

Wakaitengeneza kwa njia mbili. Ya kwanza, mtu na mtu: "Like Siti binti Saad, Bi Kidude drew listeners from far beyond Zanzibar." Ya pili, sauti na sauti: "Like that of Siti binti Saad, Bi Kidude's voice drew listeners." Akawaambia kwamba sentensi inayoanza na "Like" au "Unlike" ni ya kuitilia shaka papo hapo: angalia kilichokuja baada ya mkato, kisha uulize kama viwili hivyo ni vya aina moja.

Akahamia kwenye karafuu. "The cloves of Pemba are more plentiful than Unguja." Mpemba wangu akatabasamu, akaipokea kama salamu. Kwa Kiswahili utasema karafuu za Pemba ni nyingi kuliko za Unguja. Ile "za" ya pili ndiyo inayookoa. Ukiiondoa, unalinganisha karafuu na kisiwa kizima. Kiingereza nacho kina yake: "than those of Unguja". Halafu akawatega kwa kuandika "The climate of Pemba is wetter than those of Unguja", akangoja. Waliokuwa wameshika "those of" kama dawa ya kila ugonjwa wakapita moja kwa moja. Mmoja akasita: hali ya hewa ni moja, kwa nini "those"? Basi "that of". Hapo masomo yote mawili yakakutana, kwa sababu "that" na "those" navyo ni viwakilishi, navyo vina mwenyewe, navyo vinapatana na umoja na wingi. Nilikuwa nayaona maswali ya viwakilishi na ya ulinganishi kuwa ni sura mbili za kitabu. Pale ubaoni yalikuwa swali moja: hili neno dogo linasimama badala ya nani?

Na ile ya mwisho, inayowaponyoka wengi: "Jozani is larger than any forest on Unguja." Jozani si msitu? Uko Unguja au Mombasa? Basi umeulinganisha na wenyewe, ukasema ni mkubwa kuliko wenyewe. Neno moja tu, "any other forest". Tangu siku hiyo sipumziki. Njiani kutoka kazini kuna bango la hoteli, si yetu, limeandikwa "Our breakfast is better than any hotel in Stone Town". Chai na mkate vimeishinda hoteli. Tena na wao wenyewe wamo humo humo kwenye "any hotel", wamejishinda. Kwenye brosha yetu palikuwa na "our rooms are bigger than other hotels". Nimemwambia bosi, imeshabadilishwa kuwa "than those of other hotels", na mgeni yeyote anayesoma hatatufikiria tuna chumba kikubwa kuliko jengo.

Kwa hivyo lawama ni nini? Ni kwamba kituo kinalitangaza darasa hili kuwa la SAT, na muda mwingi sana unakwenda kwenye ulinganishi. Kwenye SAT ya karatasi lilikuwa somo la kawaida. Ukisoma orodha ya mambo ambayo SAT ya kompyuta inasema inayapima katika sarufi, upatanisho wa viwakilishi umo, upatanisho wa kitenzi umo, nyakati zimo, umilikaji na wingi vimo; ulinganishi wa kimantiki haumo kwa jina lake. Nilimuuliza kijana wa ofisini kwa nini ratiba haikubadilishwa, akaniambia, "Mama, ndivyo mtaala ulivyo." Mtaala wa nani, hakunambia. Maalim mwenyewe alinijibu kiungwana zaidi. Alisema nusu ya wanafunzi wake watafanya IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza kwa wanaotaka kwenda nje, na pale kwenye kazi ya kwanza ya kuandika, ile ya kueleza grafu au jedwali, kila sentensi ya pili ni ulinganishi. Na anayekwenda chuo ataandika insha maisha yake yote. Naikubali hoja yake. Lakini basi waandike mlangoni kwamba ni darasa la sarufi ya Kiingereza, mzee ajue anachonunua.

Kitini sasa. Ni fotokopi ya fotokopi, kurasa nyengine zimekata upande wa kulia, na mwishoni majibu ya sura nzima hayamo. Hilo ningelisamehe. Nisilolisamehe ni kwamba kimeokotwa kwenye mitihani iliyokwisha kufa. Maswali mengi yana majibu matano, A mpaka E, na ukurasa wa mwanzo unamwonya mwanafunzi asibahatishe kwa sababu jibu baya linakata robo alama. Adhabu hiyo iliondolewa tangu SAT ilipobadilishwa mwaka 2016! Mtoto anayekiamini kitini ataacha mapengo wazi kwenye mtihani ambao kubahatisha hakuna gharama. Wetu alikuwa anakiamini mpaka nilipomkalisha chini. Kisha kuna kurasa zilizotolewa kwenye GMAT, mtihani wa wanaokwenda kusomea biashara, zile ambazo sentensi nzima imepigwa mstari na jibu la kwanza linairudia kama ilivyo. GMAT yenyewe imeliondoa fungu hilo katika toleo lake jipya lililoanza mwishoni mwa 2023. Tunauziwa 15,000 kwa maswali ambayo wenyewe wameyatupa. Ukipata nafasi ya kukataa kitini, kataa. Maalim hakitumii sana, anaandika sentensi zake mwenyewe, na hizo ndizo bora.

Mtu ataniuliza, kwani bure haipo? Ipo. Programu ya Bluebook, ambayo ndiyo inayofanyiwa mtihani wenyewe, ina mitihani ya mazoezi isiyolipiwa, na Khan Academy wana masomo yao ya SAT bure pia. Pakua hiyo Bluebook mapema, kwenye kompyuta au tableti, maana simu haikubaliki, na usingoje wiki ya mtihani ndipo ukaombe laptop ya mtu. Ada ya mtihani kwa sisi wa nje inapita dola 100, kwa hivyo si jambo la kwenda kujaribu tu. Kwa mtoto mwenye nidhamu na bando la kutosha, bure inaweza kumtosha. Kwa wetu haikutosha. Video inakueleza vizuri sana, lakini ukisema "lakini tumefahamu" haikujibu.

Mengine ni madogo. Feni ni mbili kwa chumba cha watoto wengi, na umeme ukikatika wanafungua madirisha, sauti za daladala na honda zinaingia zote. Viti ni vya plastiki, havina pa kuandikia, mtoto abebe ubao au kitabu kigumu cha kuwekea daftari. Wanaheshimu wakati wa sala. Chini kuna mama anauza vitumbua na chai ya tangawizi, na hana mpinzani mtaa ule. Ramadhani ratiba inahama baada ya tarawehe, jambo ambalo kwa wasichana wanaokaa mbali linakuwa gumu, na nimewaambia ofisini wafikirie asubuhi.

Nani aende? Anayeandaliwa IELTS aende bila ya kusita. Anayeandaliwa SAT aende kwa mwezi mmoja au miwili, achukue viwakilishi, vitenzi na ulinganishi, kisha akae nyumbani na mitihani ya Bluebook na saa mezani. Mwenye kazi kama yangu, ya kuandika Kiingereza kila siku na kuuliziwa sababu, akae nyuma tu kama mzee, hawamtozi mtu.

Wanaandikisha wapya kila mwanzo wa mwezi. Kabla ya kutoa pesa uliza kwa jina ni nani atakayefundisha sarufi, kwa sababu kuna wikiendi maalim huyu anakwenda kwao Chake na anawekwa mwengine, anayesoma kitini kwa sauti kuanzia mwanzo wa ukurasa mpaka mwisho.